Kubadilisha Upote na Kebo za Upinde wa Kamu Gerejini Kwangu

Katikati ya Agosti niliukuta uzi mmoja mweupe umesimama kama unywele kwenye kebo ya upinde wangu, kidogo juu ya mahali kebo inapopita kwenye kiongozi chake, kile kifaa kinachozisogeza kebo pembeni zisiguse mshale. Niliupaka nta, nikausugua kwa kidole mpaka ukalala, lakini kesho yake ulikuwa umesimama tena, na mwenzake pembeni. Nilichukua kioo cha kukuzia nikatazama vizuri. Haya hayakuwa manyoya ya kawaida ya kebo iliyokaukiwa nta. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika kabisa. Upinde wa kamu, yaani upinde wenye magurudumu kwenye ncha zake, ukifika hapo hauvutwi tena hata mara moja ya kujaribu, kwa sababu mikono yake, vile vipande viwili vinavyopindika juu na chini ya mpini, imekaa na nguvu muda wote, hata ukiwa umetundikwa ukutani, na kinachoizuia nguvu hiyo ni nyuzi hizo tu. Zikiachia, mikono hurudi kwa kishindo kinachoweza kuipasua mikono yenyewe, kupinda ekseli na kumjeruhi aliyeushika.

Ninaishi Grand Rapids, Michigan, ambako msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na kuanzia Agosti kila fundi wa pinde ana foleni. Miaka michache iliyopita niliupeleka upinde wangu kwenye duka moja, nikaupata baada ya wiki tatu ukiwa na upote mpya mzuri, tundu la kuchungulia, kile kipete cha kulengea kinachokaa ndani ya upote, limegeukia pembeni, na bolti ya mkono wa chini imekazwa kupita ya juu kwa mzunguko mzima. Sikugombana na mtu. Niliuliza tu bei ya presi, mashine ya kubana mikono ya upinde ili upote na kebo vilegee, nikapata moja ya mtumba kwa mwindaji aliyekuwa anahama, na tangu siku hiyo kazi hii ninaifanya mwenyewe gerejini. Seti ya upote mmoja na kebo mbili ilinigharimu dola 120 safari hii. Anayedhani ataokoa fedha nyingi kwa njia hii akumbuke kwamba presi nayo ina bei yake, na kwamba jioni tatu za kazi si bure.

Nianze na majina, kwa kuwa niliwahi kumweleza ndugu yangu kazi hii kwa simu nikajikuta nasema “ile kamba” mara ishirini. Kamba ya upinde kwa Kiswahili ina jina lake, upote, neno ambalo wengi wetu tumeliacha. Mimi nilikulia Karatu, na mara mbili tatu nikiwa mtoto nilifuatana na baba kuteremka upande wa Ziwa Eyasi, waliko Wahadzabe, ambao upote wao ni wa kano za mnyama. Nilimwona mzee mmoja akisokota upote mpya: anasokota kidogo, anauweka kwenye upinde, anatazama, anautoa, anasokota tena kidogo. Nilichoka kusubiri nikaenda kucheza. Sikujua kwamba siku moja nitaifanya kazi ileile, tena kwa vipande vitatu vinavyotegemeana, ambapo kimoja kikifupishwa vingine viwili hubadilika.

Upinde wangu una mpini wa aluminiamu, mikono miwili ya faiba, na kwenye ncha ya kila mkono kuna kamu, yaani gurudumu lisilo duara kamili linalozunguka kwenye ekseli. Upote unatoka kamu ya juu kwenda ya chini, upande wa mpiga mishale. Kebo mbili zinapita kati ya upote na mpini. Kila moja, ncha yake moja imegawanyika mithili ya panda ya manati na kushika ekseli pande zote mbili za kamu, na ncha ya pili inajikunja kwenye kamu ya mkono wa upande mwingine. Ukivuta, upote unafunguka kutoka kwenye kamu huku kebo zikijikunja juu yake, na mikono inavutwa kukaribiana. Kwa sababu kamu si duara, uzito hupanda haraka, hufika kileleni, kisha hushuka. Wangu hufika pauni 60, na mwisho wa kuvuta ninashikilia pauni 12 tu, kwa kuwa ahueni yake ni asilimia 80. Hiyo ahueni ndiyo inayomwezesha mtu kukaa amevuta huku kulungu akijishauri kama apite au arudi.

Wazo hili ni la Mmarekani wa Missouri, Holless Wilbur Allen, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Pinde za kwanza za aina hii zilikuwa na kebo za chuma, ndugu za waya wa breki ya baiskeli, na upote wa poliesta ulioning'inizwa kwenye ncha za kebo hizo. Siku hizi upote na kebo zote ni nyuzi za plastiki. Iliyo maarufu zaidi ni Dyneema, iliyotokana na utafiti wa kampuni ya DSM ya Uholanzi: ni nyepesi kiasi cha kuelea majini, na uzito kwa uzito ina nguvu kuliko chuma cha pua. Ila ina kasoro mbili zinazomhusu kila mwenye upinde. Ya kwanza ni kwamba huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 150 za Selisiasi, ambalo kiberiti cha gesi hulifikia na kulipita papo hapo. Ya pili ni kwamba ikikaa na mzigo muda mrefu hurefuka taratibu, na urefu huo haurudi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huichanganya na Vectran, ambayo hairefuki hivyo, ingawa nayo haipendi jua wala kusuguliwa ikiwa imepindwa. Seti niliyoagiza ina mchanganyiko wa theluthi mbili kwa theluthi moja.

Kasoro hiyo ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini huwezi kuvua kebo ya zamani, kuilaza mezani, kuipima kwa futi ya fundi seremala na kuagiza mpya ya urefu huohuo. Kwanza, kebo ya zamani imekwisha kurefuka. Pili, urefu wa upote na kebo hupimwa ukiwa umevutwa kwa pauni 100 kati ya vijiti viwili, na si ukiwa umelegea kama mlenda. Urefu sahihi umeandikwa kwenye stika iliyo mkononi mwa upinde au kwenye kitabu chake, na huo ndio wa kumpa anayekutengenezea. Wangu ulisema inchi 60 kwa upote na inchi 35 na nusu kwa kila kebo.

Sasa vipimo, ambavyo ni zaidi ya nusu ya kazi yote, nami sioni haya kusema kwamba jioni nzima ya kwanza sikugusa hata bolti moja. Nilipima kutoka katikati ya ekseli ya juu hadi katikati ya ekseli ya chini. Nilipima kutoka kwenye upote hadi sehemu ya mpini iliyobonyea zaidi, pale unapokaa uwazi kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilipima kutoka kwenye upote hadi mahali kila mkono unapotokea kwenye kifuko chake, juu na chini, ili nijue kama mikono imekazwa sawa. Niliuning'iniza upinde kwenye mizani ya kuvuta nikasoma kilele chake: pauni 57 na nusu, badala ya 60. Nilipima kutoka kwenye kitanzi, kile kilichofungwa kwenye upote kwa ajili ya kuuvutia, hadi kwenye tundu la kuchungulia. Kisha nikaweka alama ndogo kwa kalamu ya rangi ya fedha kwenye kila kamu, sambamba na kebo inapoanza kuiacha. Vyote nikaviandika kwenye daftari la mistari, si kwenye simu, kwa sababu simu nilikuwa naihitaji kwa picha.

Kati ya ekseli na ekseli kulikuwa na inchi 33 na moja ya nane, wakati kitabu kinasema 33 kamili. Hiyo moja ya nane, isiyofika nusu ya upana wa penseli, ni kebo zilizorefuka na kuiachia mikono inyooke kidogo, na ndiyo iliyokula pauni zangu mbili na nusu. Nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni kwamba mwaka huu nina nguvu zaidi, upinde unavutika vizuri. Kumbe ni upinde uliozeeka kuliko mimi.

Picha nazo zina adabu zake. Piga kila kamu kutoka kulia, kutoka kushoto na kutoka nyuma, kisha upige mahali kebo zinapopishana kwenye kiongozi. Hapo kwenye kiongozi ndipo nilipoharibu safari ya kwanza kabisa: nilipiga picha za upande mmoja tu, nikarudisha kebo ya kushoto ikiwa imepita juu ya ya kulia badala ya chini yake, na upinde ukavutika vizuri bila dalili yoyote. Baada ya mishale kama ishirini niliona vumbi jeupe kwenye kiganja cha glavu yangu. Kebo mpya mbili, zenye umri wa siku moja, zilikuwa zinasagana kila nilipopiga, na moja ilikwisha kuchanika manyoya. Niliitupa nikaagiza nyingine, peke yake, kwa dola 40.

Jioni ya pili alikuja jirani yetu, mzee wa Kitui ambaye amekuwa fundi wa magari tangu ujana wake na anayeiona gereji yangu kama kituo chake cha burudani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku tayari anakagua presi, akaipiga kofi dogo kama mtu anayejaribu tairi. Nilishika alenki nikaanza kulegeza bolti za mikono, mzunguko mmoja juu, mzunguko mmoja chini, mmoja juu, mmoja chini. Kitabu cha upinde huu kinaruhusu kulegeza kabla ya kuubana, lakini kinataja kikomo, na kila upinde una chake. Bolti ikitoka kupita kiasi, meno yake yaliyobaki ndani ya mpini hayawezi kubeba mzigo, na mkono unaweza kuchomoka mbele ya uso wako.

“Umehesabu, kijana?”

“Minne juu, mzee, na minne chini.”

“Andika.”

Niliandika. Ni mtu aliyewahi kufungua injini nyingi za watu waliosema watakumbuka.

Presi hii ni ya mezani, yenye vidole viwili vinavyoshika ncha za mikono, nje kidogo ya kamu, na mkono wa kuzungusha unaovisogeza vidole hivyo ndani taratibu. Zipo presi ndogo za kubeba mfukoni, nazo nilizitumia zamani kwenye upinde wa mtindo wa kale, lakini pinde nyingi za sasa mikono yake imelala karibu sambamba, na watengenezaji wengi wamezikataza kabisa presi hizo kwa pinde zao. Ninamsihi msomaji asome kitabu cha upinde wake kabla ya kuamini video ya mtu yeyote, nikiwemo mimi nikija kutoa moja. Nilivaa miwani ya kazi, nikasimama pembeni, nikazungusha. Mikono ilisogea ndani, faiba ikatoa mlio mdogo wa kulalamika, ambao ni wa kawaida, na baada ya muda upote ukaanza kulegea, ukaning'inia. Hapo nguvu yote inakuwa imebebwa na presi, na kuanzia dakika hiyo hakuna kuigonga, kuisogeza wala kumruhusu mtoto aingie kuomba baiskeli.

Nilivua upote kwanza, halafu kebo, kila moja nikiipa kipande cha karatasi chenye jina lake. Upinde ukiwa uchi namna hiyo ndio wakati pekee wa kuzitazama kamu vizuri. Nilichukua tonge la pamba ya dukani, ile ya kufungia vidonda, nikaliburuta polepole ndani ya mfereji wa kila kamu. Kidole hakisikii kikwaruzo kidogo cha aluminiamu, lakini pamba inakinasa. Kwenye kamu ya chini, karibu na kijiti inaponasa kebo, pamba iliacha nyuzi zake tatu nne. Nilipakwangua kwa msasa laini kabisa, wa namba 1000, nikapitisha pamba tena mpaka ikateleza bila kunasa. Sina hakika kwamba hicho ndicho kilichokata nyuzi zangu, maana zilikatikia mbali kidogo na hapo, lakini nisingeweka kebo mpya juu ya wembe.

Kebo mpya zilikuja zikiwa zimesokotwa tayari, zimefungwa kwa uzi mwekundu ili zisijifungue, na hapa ndipo mgeni wa kazi hii huteleza kwa urahisi. Kebo au upote si uzi ulionyooka. Ni kifungu cha nyuzi kilichosokotwa mara nyingi, wangu ukiwa na mzunguko karibu kila inchi moja na nusu, na idadi ya mizunguko hiyo ni sehemu ya urefu wake. Ukiiachia ncha moja ikajifungua hewani mara tatu, umeirefusha. Ukiisokota zaidi, kwa upande uleule ilikosokotwa, unaifupisha. Kwa hiyo ncha zote mbili hushikwa mpaka ziingie kwenye vijiti vyake. Nilianza na kebo, nikafuatisha picha zangu kwenye kiongozi mara mbili, kisha upote juu yake. Nilipokuwa naachia presi nilisimama kila nusu mzunguko wa mkono nikatazama pointi sita: ncha mbili za upote, ncha mbili za kebo kwenye vijiti, na panda mbili kwenye ekseli. Kitanzi cha ncha kilichokaa nusu juu ya kijiti huonekana kimekaa, mpaka mzigo ukirudi.

Nilirudisha bolti mizunguko minne kwa minne, mzee akihesabu kwa sauti kwa Kikamba, nikapima. Inchi 33 na moja ya kumi na sita. Kebo mpya zilikuwa bado ndefu kidogo, jambo la kutarajiwa, kwa kuwa mtengenezaji humwachia mwenye upinde nafasi ya kusokota. Nilirudisha upinde kwenye presi, nikatoa ncha ya kila kebo kwenye kijiti, nikaongeza mizunguko miwili kwa kila moja, nikaachia, nikapima tena. Bado kidogo. Nusu mzunguko zaidi, na ekseli zikasimama kwenye 33 kamili, mizani ikasoma pauni 60 na robo. Ndipo mzee akaaga, kwa kuwa alikuwa amesubiri kuona upinde ukipiga, na nilikuwa nimemweleza kwamba hilo halitafanyika leo.

Halitafanyika, kwa sababu upinde wenye upote mpya hauvutwi kwanza kwa mkono. Nina ubao mrefu niliouegemeza ukutani, wenye boriti fupi ya kushikia mpini juu na winchi ndogo ya kuvutia mashua chini. Ndoano ya winchi inashika upote, na unaweza kuuvuta upinde sentimita kwa sentimita huku umesimama pembeni unatazama kamu zinavyozunguka. Kila kamu ina kisimamizi, kijiti kidogo kinachogonga kebo mwisho wa kuvuta, na visimamizi hivyo viwili vinatakiwa kugonga kwa wakati mmoja. Kimoja kikitangulia, ukuta wa mwisho wa kuvuta unakuwa laini kama godoro, na mshale hutoka mkia ukipanda au ukishuka. Mtu mmoja hawezi kuzungusha winchi na kutazama kamu zote mbili. Nilimwita mama watoto, akaja na kikombe chake cha chai, akachuchumaa mahali nilipomwonyesha, nami nikazungusha.

“Bado. Bado. Hapo, Baba Salma, cha juu kimegusa.”

“Na cha chini?”

“Cha chini kinapita kadi ya benki katikati.”

Ni kipimo kizuri kuliko vyangu vyote. Kamu ya juu ilikuwa imetangulia kwa unene wa kadi. Dawa yake ni kuisokota ile kebo inayojikunja kwenye kamu inayotangulia: ikifupika, kamu hiyo hurudi nyuma kidogo na kuchelewa. Nusu mzunguko, presi, ubao, winchi. Kadi haikupita, lakini karatasi ilipita. Kwa karatasi nilisita, maana kila ninapofupisha kebo moja ninabadilisha pia umbali wa ekseli, na ukianza kufukuza unywele unaweza kukesha. Badala ya kuongeza juu, nililegeza kebo ya pili kwa nusu mzunguko. Visimamizi vikagonga kwa mlio mmoja, ekseli zikabaki 33, na mama watoto akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kunywa chai yake.

Jioni ya tatu ilikuwa ya vitu vidogo. Upote wangu una nyuzi 24, 12 nyeusi na 12 za kijani, na rangi hizo mbili zina kazi: tundu la kuchungulia huingizwa katikati, nyeusi zikipita upande mmoja na kijani upande mwingine, kwa hiyo huhitaji kuhesabu kwa kucha. Lililogeuka pembeni, kama lile nililorudishiwa dukani, mara nyingi limegawanyiwa nyuzi visivyo sawa, au limewekwa kwenye upote ambao haujatulia. Nililiweka kwa umbali uleule ulioandikwa daftarini, nikalifunga kwa muda tu, kwa uzi wa kuzongea juu na chini, nikijua litasogea.

Kitanzi cha kushikia kifyatulio, kifaa cha mkononi cha kuvutia na kuachia upote, ndicho ninachokipenda katika kazi yote hii. Ni kipande cha kamba ngumu ya milimita 2, urefu wa kama sentimita 11. Unaichoma kila ncha, mbali na upote, mpaka iyeyuke, kisha unaikandamiza kwenye kitu cha chuma ili itengeneze kichwa kama cha msumari; kichwa hicho ndicho kinachozuia fundo lisichomoke. Fundo la juu linatazama kushoto na la chini linatazama kulia. Ukiyafunga yote yakitazama upande mmoja, kila unapovuta kitanzi kinausokota upote, na tundu la kuchungulia linakugeuzia kisogo. Kati ya mafundo mawili ndipo mkia wa mshale unapokaa, na nafasi hiyo niliitafuta kwa skwea ya chuma inayong'ang'ania upote, mpaka mshale ukalala usawa, ukipita katikati ya tundu la kufungia kiegemezo, yaani kifaa kinachoubeba mshale. Halafu unaingiza koleo la mdomo mrefu ndani ya kitanzi likiwa limefungwa, unalifungua kwa nguvu zako zote, na mafundo yanalia na kujikaza.

Mshale wa kwanza niliupiga nikiwa hatua mbili kutoka kwenye shabaha nene, kwa sababu upinde usio na mshale haufyatuliwi kamwe: nguvu iliyotakiwa kuondoka na mshale hurudi kwenye mikono na kamu. Wa pili na wa tatu vilevile. Kisha nikaweka gazeti kwenye fremu ya mbao, nikapiga kupitia gazeti kutoka mita mbili. Tundu la kwanza lilikuwa na mpasuko wa sentimita moja na nusu kwenda juu, maana yake mkia wa mshale ulikuwa unapita juu ya ncha yake. Nilipandisha kiegemezo kwa upana wa mstari mmoja wa kipimo chake. Tundu la pili likabakiwa na mpasuko mdogo, na la nne lilikuwa duara dogo lenye mikato mitatu ya manyoya, safi.

Wiki moja na mishale kama mia moja baadaye nilipima upya. Ekseli zilikuwa zimeachana kwa nusu ya moja ya kumi na sita, nikarudisha kwa nusu mzunguko kila kebo, nikahakikisha visimamizi kwa kadi ileile ya benki, na tundu la kuchungulia, ambalo lilikuwa limegeuka kama robo, nikalirudisha na sasa nikalifunga kwa kudumu. Nta nilipaka kwenye sehemu zilizo wazi tu, nikaisugua kwa kipande cha ngozi mpaka ikapata uvuguvugu, bila kugusa zile zilizozongwa uzi.

Mzee wa Kitui alirudi siku ile ile, akapewa mishale mitatu kwenye upinde nilioushusha hadi pauni 50 kwa ajili yake, akapiga mmoja kwenye shabaha na miwili kwenye uzio. Kisha akaomba kebo za zamani. Nilimkumbusha kwamba moja imekatika nyuzi mbili.

“Nyuzi mbili kati ya ngapi?” akauliza, huku anaikunja mfukoni. Sasa imeshika mlango wa banda lake la kuku.